Kuhariri mafaili ya PDF kwenye Linux

Kuhariri mafaili ya PDF kwenye Linux ni kazi ya kubadilisha hati zilizohifadhiwa katika muundo wa PDF kwa kutumia programu huria zinazopatikana kwenye mfumo wa uendeshaji wa Linux. Kazi hiyo ni pamoja na kuunganisha na kutenganisha kurasa, kugeuza kurasa zilizolala upande, kujaza fomu, kuandika maelezo pembeni, kusahihisha maneno, kusoma maandishi ya hati iliyoskaniwa, kupunguza ukubwa wa faili, kuweka nywila na kuondoa habari za siri.

Faili la PDF ni tofauti na hati ya programu ya kuandikia. Halikubuniwa ili libadilishwe, bali ili hati ionekane vilevile kwenye kila kompyuta na kila printa. Kwa sababu hiyo, kwenye Linux hakuna programu huria moja inayofanya kazi zote vizuri. Kila kazi ina zana yake. Kwa sababu hiyohiyo, kile kinachoonekana kwenye skrini si lazima kiwe ndicho chote kilichomo ndani ya faili. Neno lililofunikwa kwa kisanduku cheusi huweza kuwa bado lipo chini yake, likingoja mtu wa kulinakili. Jambo hili linamhusu kila anayetuma hati zenye majina ya watu, alama za wanafunzi, habari za ugonjwa au namba za akaunti.

## Asili ya PDF

Herufi PDF ni kifupi cha jina la Kiingereza Portable Document Format, yaani muundo wa hati inayobebeka. Muundo huo ulitengenezwa na kampuni ya Adobe ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1982 na John Warnock pamoja na Charles Geschke. Kazi yao ya kwanza kubwa ilikuwa PostScript, lugha ya kuieleza printa jinsi ya kuchora ukurasa.

Mwaka 1991 Warnock aliandika waraka mfupi kuhusu mradi alioupa jina la Camelot. Tatizo alilolieleza lilikuwa kwamba hati iliyoandikwa kwenye kompyuta moja haikuweza kufunguliwa kwenye kompyuta ya aina nyingine bila kuharibika sura yake. Toleo la kwanza la PDF lilitoka mwaka 1993.

PDF ilirithi kutoka PostScript namna ya kuchora ukurasa, lakini iliacha uwezo wake wa kuwa lugha kamili ya programu. Faida yake ni kwamba kila ukurasa unaweza kusomwa peke yake bila kupitia kurasa zote zilizotangulia.

Adobe iliuongoza muundo huu hadi tarehe 1 Julai 2008, ulipochapishwa kuwa kanuni ya kimataifa ya ISO 32000-1. Toleo la PDF 2.0 lilifuata mwaka 2017 na likafanyiwa marekebisho mwaka 2020. Tawi lake liitwalo PDF/A, la mwaka 2005, ni kwa ajili ya hati za kumbukumbu zinazotakiwa kusomeka baada ya miaka mingi. Kwa kuwa kanuni za PDF ziko wazi, mtu yeyote anaweza kuandika programu ya kusoma au kutengeneza mafaili hayo bila kuomba ruhusa ya Adobe.

## Programu huria na PDF

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Ufini. Msimbo chanzo wake uko wazi: kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Linux hutolewa katika vifurushi mbalimbali kama Debian, Fedora na Ubuntu. Jina la Ubuntu, kifurushi kilichoanza mwaka 2004, limetoka katika lugha za Kibantu za Afrika Kusini na maana yake inakaribiana sana na neno la Kiswahili "utu".

Programu huria za PDF zilianza mapema. Ghostscript, iliyoandikwa na L. Peter Deutsch, ilitoka mwaka 1988 kwa ajili ya kusoma PostScript, na baadaye ikajifunza PDF pia. Xpdf ya Derek Noonburg ilitoka mwaka 1995. Kutokana na msimbo wa Xpdf ilizaliwa mwaka 2005 maktaba ya programu iitwayo Poppler, ambayo leo hutumiwa ndani ya visomaji vingi vya PDF vya Linux, kwa mfano Evince na Okular.

Adobe yenyewe iliwahi kutoa kisomaji chake kwa ajili ya Linux. Toleo la mwisho, namba 9.5.5, lilitoka mwaka 2013. Tangu hapo watumiaji wa Linux wamezitegemea zaidi programu huria.

Programu nyingine muhimu ni LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010 kwa kujitenga na OpenOffice.org. Kabla ya hapo, mwaka 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitafsiri OpenOffice.org kwa Kiswahili, na toleo hilo likaitwa Jambo OpenOffice.

## Kilichomo ndani ya faili la PDF

Ili kuelewa kwa nini PDF ni ngumu kuhariri, inafaa kujua jinsi ilivyojengwa. Faili la kawaida la PDF lina sehemu nne:

* Kichwa, ambacho ni mstari mmoja unaotaja toleo, kwa mfano %PDF-1.4.
* Mwili, wenye vipande vilivyopewa namba. Kipande kimoja huweza kuwa ukurasa, kingine picha, kingine fonti.
* Jedwali la marejeo, linaloonyesha kila kipande kinaanzia baiti ya ngapi kutoka mwanzo wa faili.
* Mkia, unaoonyesha jedwali liko wapi na kipande kipi ni cha kwanza kusomwa.

Kisomaji cha PDF huanzia mwishoni mwa faili: husoma mkia, hupata jedwali, kisha huenda moja kwa moja kwenye kipande kinachotakiwa. Matoleo kuanzia PDF 1.5 yanaruhusu jedwali na vipande kubanwa pamoja ili kupunguza ukubwa, lakini wazo ni lilelile.

Maandishi ya ukurasa huhifadhiwa kama maagizo ya kuchora. Mfano rahisi ni huu:

    BT
    /F1 12 Tf
    72 700 Td
    (Shule yetu) Tj
    ET

Maana yake ni: anza maandishi, chukua fonti F1 yenye ukubwa wa pointi 12, nenda pointi 72 kutoka kushoto na pointi 700 kutoka chini, chora maneno "Shule yetu", maliza. Inchi moja ina pointi 72, na karatasi ya A4 ina upana wa pointi 595 na urefu wa pointi 842 hivi.

Katika maagizo hayo hakuna kitu kiitwacho aya. Kila mstari umepangiwa mahali pake, na mara nyingi hata neno moja limekatwa vipande ili herufi zikae kwa nafasi nzuri. Kwa hiyo ukiongeza neno katikati ya sentensi, maneno yanayofuata hayasogei kuteremka mstari wa pili kama yanavyofanya kwenye programu ya kuandikia. Neno jipya huweza kulalia lile linalofuata au kutoka nje ya pambizo.

Tatizo la pili ni fonti. Ili kupunguza ukubwa, programu nyingi huweka ndani ya PDF herufi zile tu zilizotumika katika hati. Maneno ya Kiswahili hayatumii herufi q wala x. Basi hati iliyoandikwa yote kwa Kiswahili huenda isiwe na herufi hizo kabisa, na anayetaka kuingiza jina kama Maxwell kwa fonti ileile atakuta x haimo. Programu italazimika kuazima herufi kutoka fonti nyingine, na tofauti itaonekana. Amri ifuatayo huorodhesha fonti za hati na kuonyesha kama zimewekwa nzima au kwa sehemu:

    pdffonts barua.pdf

Tatizo la tatu ni hati zilizoskaniwa. Humo hakuna maandishi hata kidogo, bali picha ya karatasi tu.

Jambo la nne ni jinsi mabadiliko yanavyohifadhiwa. Kanuni za PDF zinaruhusu programu kuacha faili la zamani kama lilivyo na kuongeza vipande vipya mwishoni, pamoja na jedwali jipya na mkia mpya. Njia hii ni ya haraka, lakini vipande vya zamani hubaki ndani ya faili hata kama havionekani tena.

## Kurudi kwenye hati ya awali

Njia bora ya kusahihisha PDF ni kutoihariri kabisa. Ikiwa hati ya awali ipo, kwa mfano faili la LibreOffice Writer, ifunguliwe hiyo, isahihishwe, kisha itolewe PDF mpya. Kazi huwa safi, na aya hujipanga zenyewe.

LibreOffice ina chaguo la kutengeneza PDF yenye hati ya awali ndani yake. Faili la namna hiyo husomwa na kila mtu kama PDF ya kawaida, lakini likifunguliwa kwa LibreOffice hufunguka kama hati inayoandikika. Njia hii inafaa kwa mitihani, ratiba na barua zinazorekebishwa kila mwaka. Haifai kwa hati inayotumwa nje, kwa kuwa mpokeaji naye atapata hati yote ya awali.

## Kupanga kurasa

Kuunganisha, kutenganisha, kugeuza na kufuta kurasa ni kazi nyepesi, kwa sababu maandishi ya kurasa hayaguswi. Kinachobadilika ni mpangilio wa vipande tu.

Kwa anayependa kutumia kipanya, programu ya PDF Arranger huonyesha kurasa zote kama picha ndogo. Mtumiaji huzikokota, huzigeuza au huzifuta, kisha huhifadhi faili jipya.

Kwa kutumia dirisha la amri, yaani terminali, zana inayotumika sana ni qpdf, iliyoandikwa na Jay Berkenbilt. Amri hii huchukua kurasa 1 hadi 3 za barua na kurasa zote za risiti, na kuziweka katika faili moja:

    qpdf --empty --pages barua.pdf 1-3 risiti.pdf 1-z -- kamili.pdf

Herufi z humaanisha ukurasa wa mwisho. Amri inayofuata hugeuza ukurasa wa 2 kwa nyuzi 90 kuelekea kulia:

    qpdf --rotate=+90:2 skani.pdf sawa.pdf

Poppler nayo ina amri ya pdfunite ya kuunganisha mafaili:

    pdfunite sura1.pdf sura2.pdf kitabu.pdf

Hapa tahadhari inahitajika. Jina la mwisho ndilo la faili litakalotengenezwa. Mtu akisahau kuandika jina jipya, faili la mwisho katika orodha yake litaandikwa juu na yaliyomo yatapotea.

Zana nyingine ya siku nyingi ni pdftk. Toleo lake la kwanza lilitegemea kikusanyaji cha msimbo wa Java kiitwacho GCJ, kilichoachwa mwaka 2017. Tangu hapo vifurushi vingi vya Linux hutumia toleo lililoandikwa upya liitwalo pdftk-java.

## Kujaza fomu na kuandika juu ya ukurasa

Kuna fomu za aina tatu, na ni vizuri kuzitofautisha kabla ya kuanza.

Ya kwanza ni fomu yenye nafasi maalumu za kujazia. Okular, Evince na kivinjari cha Firefox huzitambua nafasi hizo, na mtumiaji huandika moja kwa moja.

Ya pili ni fomu iliyotengenezwa kwa teknolojia ya XFA. Katika visomaji vingi huonyesha ukurasa mmoja tu wenye ujumbe wa kumtaka msomaji asubiri au atumie programu ya Adobe. Poppler haiwezi kuonyesha fomu hizi, lakini Firefox inaziweza tangu toleo la 93 la mwaka 2021. Teknolojia yenyewe imeachwa katika PDF 2.0.

Ya tatu ni fomu bapa: mistari na vitone vilivyochorwa tu, bila nafasi ya kujazia. Hapa mtumiaji huandika juu ya ukurasa. Xournal++ inafaa sana kwa kazi hii. Hufungua PDF kama karatasi ya chini, na mtumiaji huandika, huchora au huweka picha ya saini yake juu, kisha hutoa PDF mpya. Firefox pia huweza kuongeza maandishi juu ya PDF tangu toleo la 106 la mwaka 2022.

Okular na Evince huweza kupaka maneno rangi na kuweka maelezo pembeni, jambo linalowafaa walimu wanaosahihisha kazi za wanafunzi na wanafunzi wanaosoma vitabu. Maelezo hayo ni tabaka tofauti. Maandishi yaliyo chini yake hayabadiliki.

## Kubadilisha maneno yenyewe

LibreOffice Draw hufungua PDF na kugeuza kila mstari, au sehemu ya mstari, kuwa kisanduku cha maandishi kinachoweza kuhaririwa. Inafaa kwa marekebisho madogo kama kubadilisha tarehe au kusahihisha jina. Hata hivyo, Draw huichora hati yote upya. Kama fonti za hati hazimo kwenye kompyuta, hubadilishwa na nyingine, na mistari huweza kusogea hata kwenye kurasa ambazo mtumiaji hakuzigusa. Kwa hiyo kurasa zote zikaguliwe kabla ya kutuma.

Inkscape ni programu ya michoro. Hufaa kwa mabango, ramani, vyeti na grafu. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2022 inaweza kushughulikia hati yenye kurasa kadhaa. Wakati wa kufungua PDF, kuna njia ya kugeuza herufi kuwa michoro. Ikichaguliwa, sura ya ukurasa hubaki kama ilivyokuwa, lakini maneno hayawezi tena kuandikwa upya.

Scribus, programu ya kupanga kurasa za majarida na vitabu, nayo huweza kuingiza kurasa za PDF katika kazi mpya.

Mtaalamu anaweza kutumia qpdf kuligeuza faili kuwa katika hali inayosomeka kwa kihariri cha maandishi ya kawaida:

    qpdf --qdf --object-streams=disable barua.pdf wazi.pdf

Baada ya kuhariri kwa mkono, jedwali la marejeo huwa halilingani tena na mahali pa vipande. Amri ya fix-qdf hulirekebisha:

    fix-qdf wazi.pdf > mpya.pdf

Pale ambapo mabadiliko ni mengi, ni rahisi zaidi kutoa maandishi yote na kuiandaa hati upya katika programu ya kuandikia:

    pdftotext -layout barua.pdf barua.txt

## Hati zilizoskaniwa

Hati iliyoskaniwa haiwezi kutafutwa neno wala kunakiliwa mpaka kompyuta iyatambue maandishi yaliyo katika picha. Programu ya Tesseract hufanya kazi hiyo. Ilianza katika kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980, ikawa programu huria mwaka 2005. Ina data za lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo kwa alama ya swa. Programu ya OCRmyPDF huitumia Tesseract kuweka tabaka la maandishi yasiyoonekana pamoja na picha ya kila ukurasa:

    ocrmypdf -l swa --deskew skani.pdf inayosomeka.pdf

Chaguo la deskew hunyoosha kurasa zilizoskaniwa zikiwa zimepinda. Kwa hati yenye Kiswahili na Kiingereza pamoja, huandikwa swa+eng.

Matokeo hutegemea ubora wa skani. Nukta 300 kwa inchi ni kipimo kizuri. Makosa huweza kutokea hata hivyo. Herufi ndogo ya l huweza kusomwa kama tarakimu 1, herufi r na n zilizobanana huweza kusomwa kama m, na alama ya ritifaa katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo huweza kupotea. Kwa hati zenye alama za mitihani au fedha, tarakimu zote zilinganishwe na karatasi.

## Kupunguza ukubwa wa faili

Hati iliyoskaniwa kwa rangi huweza kuwa kubwa mno kutumwa kwa barua pepe au kwa mtu anayenunua intaneti kwa bando. Ghostscript huzipunguza picha zilizomo:

    gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=ndogo.pdf kubwa.pdf

Chaguo la /ebook hushusha picha hadi nukta 150 kwa inchi, /screen hadi 72, na /printer hadi 300. Ubora uliopunguzwa haurudi. Hivyo faili la awali litunzwe. Hati yenye maandishi tu haitapungua sana, kwa kuwa hakuna picha za kupunguza.

## Nywila na saini

PDF huweza kuwa na nywila mbili. Ya kwanza ni ya kufungulia hati. Ya pili ni ya mmiliki, inayozuia mambo kama kuchapisha au kunakili. Kwa qpdf amri huwa hivi:

    qpdf --encrypt nywila1 nywila2 256 -- wazi.pdf imefungwa.pdf

Nywila mbili hizi hazina nguvu sawa. Bila ya kwanza, hati haisomeki, kwa kuwa yaliyomo yamefichwa kwa hesabu za siri. Kizuizi cha pili ni ombi tu kwa programu ya kusomea. Ikiwa hati inafunguka bila nywila, programu inaweza kulipuuza ombi hilo. Kwa hiyo kizuizi cha kunakili si ulinzi wa habari za siri.

Saini ya kidijitali nayo ni tofauti na picha ya saini iliyobandikwa kwenye ukurasa. Picha inaweza kunakiliwa na yeyote. Saini ya kidijitali hukokotolewa kutokana na baiti za hati, hivyo mabadiliko yakifanywa baadaye hugundulika. Okular inaweza kuweka saini ya namna hiyo, na amri ya pdfsig ya Poppler huikagua:

    pdfsig mkataba.pdf

Hati yenye saini ya kidijitali isihaririwe. Kama ina kosa, isahihishwe ile ya awali na kutiwa saini upya.

## Kuondoa habari za siri

Hili ndilo eneo lenye hatari kubwa zaidi. Mtu aliyezoea karatasi huziba jina kwa wino mweusi, akaona kazi imekwisha. Katika PDF, kisanduku cheusi ni agizo jipya la kuchora lililowekwa baada ya agizo la maandishi. Agizo la kwanza halikufutwa. Msomaji akichagua eneo hilo kwa kipanya, akanakili na kubandika kwingine, maneno hujitokeza.

Kosa hili limewapata hata wanasheria na majeshi. Mwaka 2005 jeshi la Marekani lilitoa ripoti kuhusu kifo cha Nicola Calipari, afisa wa usalama wa Italia aliyepigwa risasi na wanajeshi wa Marekani huko Baghdad. Sehemu za siri zilizibwa kwa rangi nyeusi, lakini wasomaji walizinakili maandishi yake bila shida. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuwa meneja wa kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani hati yenye sehemu zilizozibwa kwa namna hiyohiyo, na waandishi wa habari wakazisoma siku ileile.

Njia salama ni kuhakikisha maandishi yenyewe yameondoka. LibreOffice ina zana ya kuziba habari tangu toleo la 6.3 la mwaka 2019. Mtumiaji huweka visanduku, kisha programu hutoa PDF ambayo kila ukurasa umegeuzwa kuwa picha, bila maandishi yoyote chini yake.

Matokeo kama hayo yanapatikana kwa amri. Kwanza maneno huzibwa kabisa kwa rangi isiyopenya, kisha kurasa hugeuzwa kuwa picha, na picha hizo hukusanywa katika PDF mpya:

    pdftoppm -r 200 -png imezibwa.pdf ukurasa
    img2pdf ukurasa-*.png -o safi.pdf

Faili jipya halitafutiki neno. Likihitajika kutafutika, lipitishwe kwenye OCRmyPDF, ambayo itasoma yale tu yanayoonekana.

Zaidi ya maandishi, PDF hubeba habari kuhusu hati yenyewe: jina la mwandishi, programu iliyotumika, tarehe. Amri ya pdfinfo huzionyesha, na exiftool huzifuta. Lakini exiftool huongeza mabadiliko yake mwishoni mwa faili, na habari za zamani hubaki ndani na kuweza kurudishwa. Kwa hiyo baada yake faili liandikwe upya kwa qpdf, ambayo huacha nje vipande visivyotumika tena:

    exiftool -all= ripoti.pdf
    qpdf --linearize ripoti.pdf tayari.pdf

Mwisho ni ukaguzi. Amri hii hutafuta jina lililokusudiwa kuondolewa, kwa mfano Asha:

    pdftotext tayari.pdf - | grep -i "asha"

Ikionyesha mstari wowote, hati haiko tayari kutumwa. Isipoonyesha kitu, ikumbukwe kwamba neno lililokatwa vipande au lililomo ndani ya picha halitapatikana kwa njia hii. Kwa hiyo kurasa zisomwe pia kwa macho.

## Mipaka ya kisheria

Uwezo wa kiufundi wa kubadilisha hati hauleti ruhusa ya kuibadilisha. Kubadilisha cheti, risiti, barua ya ofisi au matokeo ya mtihani ili kumdanganya mtu ni kughushi, na ni kosa la jinai. Hati ya mtu mwingine, kikiwemo kitabu, inaweza kulindwa na hakimiliki hata kama haina nywila. Kwa upande mwingine, anayepokea hati muhimu asiliamini faili la PDF kwa sababu tu linaonekana rasmi. Athibitishe saini yake ya kidijitali, au aulize ofisi iliyoitoa.

## Tazama pia

* PDF
* PostScript
* Linux
* LibreOffice
* Programu huria
* Saini ya kidijitali